Wimbo Huu Umetoka Wapi?

 

Jumapili moja, baada ya ibada, tulikuta ubishi chini ya mti nje ya kanisa. Vijana walikuwa wameimba wimbo wa injili kwa gitaa na ngoma, na mzee mmoja hakupendezwa. "Wanangu," alisema, "hizo ni sauti za dansi. Sisi tuliachiwa nyimbo takatifu." Kijana mmoja akajibu, "Lakini mzee, nyimbo zenu zimechakaa." Watu wakatawanyika kwa hasira, na Jumapili iliyofuata viti vya kwaya ya vijana vilikuwa vitupu.

Je, ni nani aliyesema kweli? Twendeni tuutafute mzizi.

Nyimbo za injili zinazopendwa leo zina deni kubwa kwa Thomas A. Dorsey, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1899 katika jimbo la Georgia. Baba yake alikuwa mhubiri, na mama yake alipiga kinanda. Lakini Dorsey alipokua alipiga piano katika muziki wa dunia uitwao bluzi, akifuatana na mwimbaji mashuhuri Ma Rainey. Alipoanza kutunga nyimbo za kumsifu Mungu, vidole vyake havikuyasahau mapigo yale. Makanisa kadha ya Chicago yalimfungia mlango. Huko nako walisema ni muziki wa dunia, kama alivyosema mzee wetu.

Mwezi wa Agosti 1932 Dorsey alikuwa katika mkutano wa injili mjini St. Louis alipoletewa telegramu: mke wake Nettie amefariki akijifungua. Mtoto naye akafa muda mfupi baadaye. Katika uchungu huo aliketi kwenye piano akatunga "Take My Hand, Precious Lord", ombi la mtu aliyechoka anayemsihi Bwana amshike mkono. Mwaka 1968 Mahalia Jackson aliuimba katika mazishi ya Martin Luther King. Leo wimbo huo wa mtu aliyefungiwa mlango unawafariji wafiwa katika nchi nyingi.

Hata hivyo, Dorsey naye alikuwa na waliomtangulia. Tuni ya wimbo huo aliitoa katika wimbo wa kanisa wa karne ya 19. Na nyuma yake walikuwako watumwa waliomlilia Mungu kwa nyimbo. Mwaka 1871 wanafunzi wachache wa chuo cha Fisk, Nashville, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani, walitoka kwenda kuimba ili kukiokoa chuo chao kilichozama katika madeni. Mwanzoni walisita kuziimba mbele ya wageni nyimbo za wazazi wao, kwa kuwa ziliwakumbusha utumwa. Kumbe ndizo zilizoigusa mioyo ya watu. Mwaka 1873 waliimba mbele ya Malkia Victoria wa Uingereza, na fedha walizochangiwa zikajenga jumba liitwalo Jubilee Hall, ambalo lingali limesimama.

Basi, mzee wetu, wimbo unaoutetea nao ulikuwa mpya siku moja, na pengine kuna aliyeukunjia uso. Nawe kijana, gitaa lako lina babu, usimdharau. Wahenga walinena: mwacha asili ni mtumwa. Naye nabii Isaya, katika sura ya 51, aliwahimiza watu wa Mungu wautazame mwamba walikochongwa. Hakuwaambia warudi kukaa ndani ya mwamba. Walipaswa kuutazama ili wapate moyo wa kwenda mbele.

Juma hili, kijana, mwendee mzee mmoja umwulize, "Ni wimbo gani uliokushika siku ya msiba wako?" Kisha msikilize. Nawe mzee, mwombe mjukuu wako akuimbie wimbo aupendao, nawe usikilize mpaka mwisho kabla ya kuhukumu. Huenda mkakuta kwamba kilio ni kimoja, na anayekisikia ni mmoja.

Tuombe. Ee Baba, uliyewasikia baba zetu na unayewasikia watoto wetu, utufundishe kusikilizana sisi kwa sisi, ili pasiwe na kiti kitupu nyumbani mwako. Amina.

Kwaherini, wapendwa, mpaka tutakapokutana tena.