Usukani wa kuume, barabara ya kuume: vioo na sehemu zisizoonekana katika magari ya Uvira



Mada niliyopewa katika warsha hii inahusu vioo na vifaa vya kuongeza, ili dereva aone pembe za gari zisizofikiwa na macho yake. Vitabu vya udereva huimaliza kwa ukurasa mmoja: rekebisha vioo, geuza shingo, ndipo uhame. Ukurasa huo uliandikwa kwa ajili ya gari ambalo usukani wake unaendana na barabara. Magari mengi ya Uvira hayako hivyo.

Sheria ya barabara ya nchi yetu, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inatuweka upande wa kuume, sawa na majirani zetu wa Burundi. Lakini magari tunayoyamudu hushushwa bandarini Dar es Salaam yakitoka Japani, na Japani, kama Tanzania, hupita kushoto. Likivuka mpaka wa Kavimvira, gari halibadilishwi usukani. Dereva anakaa upande wa mtaro, na katikati ya barabara iko ng'ambo ya abiria wake.

Tazameni RAV4 au Prado ya Kijapani: nyingi zina kioo kidogo juu ya madigadi ya mbele ya kushoto. Kule kilikotengenezwa, kushoto ndiko kuna ukingo wa barabara, kwa hiyo kilielekezwa chini kimwonyeshe dereva gurudumu na mtoto aliyesimama karibu nalo. Huku kwetu kinatazama lami ya katikati, na mtoto yuko kuume. Msikitegemee.

Kioo kikubwa cha kushoto ndicho chenye kazi nzito zaidi, kwa kuwa mamotari, yaani waendesha pikipiki, wanaotupita hutokea huko. Na ndicho kilicho mbali na jicho letu. Kadiri kioo kinavyokuwa mbali na macho, ndivyo upana unaoonekana ndani yake unavyopungua. Juu ya hayo, teksi zetu hupakia watu wawili kiti cha mbele. Katika gari la usukani wa kuume, abiria hao wanakaa hasa kati ya dereva na kioo hicho. Nalisema waziwazi mbele ya wenye magari: abiria wa pili wa mbele anaficha barabara. Nauli yake hailingani na hatari hiyo, na hakuna kifaa cha dukani kinachoweza kuona kupitia kifua cha mtu.

Mwaka 1995 mhandisi Mmarekani, George Platzer, alichapisha njia ya kutega vioo ambayo bado ni bora. Wengi wetu tunavitega tukaona ubavu wa gari letu wenyewe, yaani tunatazama mlango tunaoujua tayari. Platzer alitaka vioo visukumwe nje zaidi. Kwa gari la usukani wa kuume fanyeni hivi: inamisheni kichwa hadi katikati ya gari, kisha tegeni kioo cha kushoto mpaka ubavu uonekane kwa shida. Kwa kioo cha kuume, kichwa kiguse dirisha lenu. Mkirudi kukaa sawa ubavu hauonekani tena, bali njia ya jirani inaonekana. Pikipiki ikitoka kwenye kioo cha ndani iwe imeshaingia kwenye cha pembeni, na kabla haijatoka humo iwe inaonekana dirishani. Hiace iliyojaa na lori havina kioo cha ndani cha kusaidia, kwa hiyo huko acheni ubavu kidogo uonekane na muongeze kioo kilichobenuka.

Hesabu ni hii: ukienda kilomita 40 kwa saa na motari akaja kwa 60, anakukaribia kwa zaidi ya mita 5 kila sekunde. Aliyekuwa mita 11 nyuma yuko ubavuni baada ya sekunde mbili. Kutazama mara moja hakutoshi. Tazama, washa kiashiria, tazama tena.

Hiace zinanitia hofu kuliko yote. Mlango wake wa kuteleza uko kushoto, kwa sababu Japani abiria hushukia ukingoni. Hapa mama mwenye mzigo na mtoto mgongoni anashukia katikati ya barabara, na motari anayepita basi lililosimama hamwoni mpaka ametokeza. Konvoyeri, yaani kondakta, ashuke kwanza, atazame nyuma, asimame kati ya mlango na barabara, ndipo abiria washuke. Dereva naye asiruhusu mlango ufunguliwe kabla hajatazama kioo cha kushoto.

Kuhusu kulipita gari lingine, hapa kioo cha nyuma hakitusaidii. Macho ya dereva wa usukani wa kuume yako karibu sentimita 70 kuume kuliko ya mwenzake wa usukani wa kushoto. Nyuma ya lori, mwenzake husogea kidogo akaona mbele. Wa usukani wa kuume lazima aingize karibu gari zima kwenye njia ya wanaokuja. Dawa ya kwanza haina gharama: kaa nyuma zaidi. Ukiliachia lori nafasi, mandhari inafunguka pande zote mbili. Ukilisogelea mpaka usome plaki, umejifunga macho. Barabara yetu namba 5 imebeba misiba mikubwa. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka Sange, na moto ukaua watu zaidi ya 200, wengine wakiwa wamekusanyika kutazama Kombe la Dunia. Taarifa za siku zile zilisema lilikuwa likijaribu kulipita basi.

Vifaa vya kununua sasa. Vioo vidogo vya duara vya kubandika huuzwa viwili viwili; anzeni na cha kushoto, kwenye pembe ya nje, kisifunike sehemu mnayoitumia. Vinapanua upana lakini vinafanya kilicho karibu kionekane mbali, kwa hiyo vitumieni kujua kama kuna mtu, si kupima umbali wake. Kamera ya nyuma ni nzuri sokoni na bandarini Kalundu, mradi ifutwe tope kila asubuhi. Mwenye fedha za kamera moja tu, gari lake likiwa la usukani wa kuume na safari zake ni za mbali, za Bukavu au Baraka, ningemshauri aifunge pembe ya mbele kushoto itazame mbele. Fundi aangalie umeme: kamera ya volti 12 ikiungwa moja kwa moja kwenye lori la volti 24 itaungua.

Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya uliagiza malori yaliyokuwa tayari barabarani yaongezewe vioo vya upande wa abiria, na ukaweka mwisho kuwa 31 Machi 2009. Kwa hiyo kumwagiza mwenye gari kuukuu aongeze kioo kunawezekana. Napendekeza warsha hii iombe polisi wa barabarani na wakaguzi wa magari wadai mambo mawili kwa kila teksi na Hiace ya usukani wa kuume: kioo kipana cha kushoto, na abiria mmoja tu mbele.

Mchana tutatoka uwanjani na Hiace moja na pikipiki moja. Kila dereva atakaa kwenye usukani, motari atazunguka polepole, na tutachora kwa chokaa kila mahali atakapopotea machoni. Kisha tutatega vioo upya na kuchora mara ya pili.