Somo la Redio kwa Watu Wazima: Idara Inayouliza "Ninyi ni Nani?"

Kaeni vizuri, kila mtu na kalamu yake. Leo nitawaeleza habari za idara moja ya serikali ya India.

Mwezi wa Desemba mwaka 1945 serikali ya huko ilianzisha idara ya kuchunguza binadamu: maumbile yao, lugha zao na mila zao. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Dk. B. S. Guha. Makao yake makuu yako Kolkata. Kazi hii ina maana gani? Serikali isiyowajua watu wake ni kama fundi cherehani asiyepima mteja wake: shati litabana tu.

Mwaka 1985 idara ilianza kazi kubwa, chini ya Bwana K. S. Singh. Maofisa walikwenda vijijini na mijini, wakauliza: Mnakula nini? Mnaoana vipi? Mnasema lugha gani? Mwishowe walihesabu jamii 4,635. Andika hesabu hiyo daftarini mwako.

Lakini wako watu wasiotaka kuulizwa. Katika Ghuba ya Bengal kuna kisiwa kidogo kiitwacho North Sentinel. Wenyeji wake huwinda na kuvua, na mgeni akikaribia huweza kumpiga mishale. Maofisa wa idara, miongoni mwao Bwana T. N. Pandit, walikwenda mara nyingi kwa mashua na kuwapelekea nazi. Januari 1991 wenyeji kadhaa waliingia majini, wakazipokea.

Je, huo ulikuwa ushindi? Ngoja kwanza. Katika visiwa vya jirani Waingereza walifanya makao mwaka 1858. Mwaka 1877 surua iliingia ikaua wenyeji wengi, kwa kuwa miili yao haikuuzoea ugonjwa huo. Waliokuwa maelfu, leo wamebaki wachache tu. Kwa hiyo katika miaka ya 1990 serikali iliacha safari zile za zawadi, na sheria inakataza watu kukikaribia kisiwa. Hata jina wanalojiita watu wale halijulikani. Elimu hiyo tumeikosa, lakini wao wako hai.

Na wewe je? Siku moja ofisa atapiga hodi kwako na karatasi zake. Usimkimbie, maana shule na zahanati hupangwa kwa hesabu ya watu. Lakini muulize kwa adabu: Umetumwa na nani? Majibu yangu yatatumika kwa kazi gani? Zamani ungetia kidole gumba bila kujua kilichoandikwa. Sasa soma kwanza, ndipo utie sahihi.

Zoezi: Andika maswali mawili utakayomwuliza ofisa huyo, kisha msomee jirani yako.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.