Pensheni Ile Ile, Bei Mpya: Afueni Gani kwa Wastaafu?



Bei ya unga ikipanda, mfanyakazi hudai nyongeza kupitia chama chake, na mwenye duka hubadilisha bei. Mstaafu hana nafasi hiyo. Hawezi kugoma wala kufanya kazi ya ziada. Anachoweza ni kupunguza: nyama kwanza, halafu nauli ya kwenda kliniki, mwishowe dawa yenyewe. Ndiyo sababu mjadala wa afueni kwa wastaafu ni mzito, na ndiyo sababu mkaazi anafaa kujua ni afueni gani inayozungumziwa na ni nani mwenye uwezo wa kuitoa.

Kwanza, pensheni ya watumishi wa umma. Kwa miaka mingi sasa huongezwa asilimia 3 kila baada ya miaka miwili. Chukua mfano wa mstaafu anayepokea shilingi 15,000 kwa mwezi. Asilimia 3 ni shilingi 450, basi atapokea 15,450. Benki Kuu ya Kenya hulenga mfumuko wa bei wa kati ya asilimia 2.5 na 7.5 kwa mwaka. Tukishika katikati, yaani asilimia 5, vitu vilivyogharimu 15,000 vitagharimu zaidi ya 16,500 baada ya miaka miwili. Mstaafu huyo amepata nyongeza, lakini kila mwezi anapungukiwa na zaidi ya shilingi 1,000. Na hiyo ni miaka ya kawaida. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6.

Hapo ndipo wanasiasa wanapogawanyika. Wako wanaotaka nyongeza ifuate mfumuko wa bei. Wengine wanajibu kwamba pensheni ya zamani hulipwa moja kwa moja na mlipa kodi, na kwamba kijana asiye na kazi rasmi pia hulipa kodi kila anaponunua sabuni. Hoja hiyo ina uzito. Ni kwa sababu hiyo mpango mpya wa uchangiaji ulianza Januari 2021, ambapo mtumishi wa umma huchangia asilimia 7.5 ya mshahara na serikali asilimia 15. Lakini mpango huo ni wa wanaostaafu kesho. Hauongezi kitu kwa aliyestaafu jana.

Iko njia ya kati ambayo haizungumzwi vya kutosha: nyongeza ya kiasi sawa badala ya asilimia. Asilimia 3 ya pensheni ya 100,000 ni shilingi 3,000. Asilimia 3 ya 15,000 ni shilingi 450. Wastaafu hawa wawili hununua unga kwa bei moja. Kiasi sawa kwa wote kingemfaa zaidi mwenye pensheni ndogo, bila gharama yote kuongezeka.

Pili, kodi. Sheria iliyoanza kutumika mwisho wa Desemba 2024 iliondoa kodi kwenye malipo ya uzeeni kwa aliyefikisha umri wa kustaafu. Ni hatua njema. Hata hivyo, kabla ya hapo shilingi 25,000 za kwanza za pensheni kwa mwezi hazikuwa zikitozwa kodi, na aliyefikisha miaka 65 hakuwa akitozwa kabisa. Kwa hivyo mstaafu wa 15,000 hakuona tofauti yoyote. Kila afueni inapotangazwa, swali la kwanza liwe: inamfikia nani?

Swali hilo hilo linamhusu mzee ambaye hakuajiriwa na mtu, mkulima au mama wa sokoni. Mpango wa Inua Jamii humpa shilingi 2,000 kwa mwezi akishafika miaka 70. Mpango ulipopanuliwa mwaka 2018 kiasi kilikuwa hicho hicho, na tangu wakati huo bei hazijamngoja.

Tatu, kaunti. Pensheni ya taifa na kodi ya mapato si kazi ya kaunti, na anayeahidi kuzibadilisha akiwa katika bunge la kaunti anaahidi asichokuwa nacho. Kaunti ina ada za ardhi, ada za soko na leseni. Inaweza kumpunguzia mstaafu ada ya ploti anayoishi. Lakini Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema ada haiondolewi ila kwa sheria, na kila msamaha lazima uandikwe pamoja na sababu yake na kuripotiwa kwa Mkaguzi Mkuu. Tamko la jukwaani halitoshi.

Tena msamaha una gharama. Ukitolewa kwa wote, mwenye majumba ya kukodisha atafaidika kuliko mzee mwenye ploti moja, na mstaafu mpangaji hatapata kitu. Pesa zikipungua kwenye zahanati, mzee huyo huyo atanunua dawa ya presha dukani. Msamaha unaofaa ni ule wenye mipaka: nyumba anayoishi mwenyewe, na kipato kinachojulikana.

Liko pia jukumu ambalo si hisani. Kaunti ni mwajiri. Kaunti kadhaa nchini zimelaumiwa kwa kukata michango ya pensheni kwenye mishahara bila kuiwasilisha kwa wakati. Mchango uliochelewa leo ni mstaafu anayesubiri kesho. Kabla ya kuahidi afueni, kila mwajiri alipe kwanza anachodaiwa.

Katiba, Kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Haki hiyo hupewa nguvu kwenye bajeti. Makadirio ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na Mswada wa Fedha, unaoweka ada, hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi. Kuhusu pensheni na kodi, Kifungu cha 119 kinamruhusu kila mtu kupeleka ombi Bungeni.

Vikao vya ushirikishaji wa umma viko wazi kwa wote. Anayehudhuria aje na hesabu ya mwezi wake: unga, tokeni za stima, nauli, dawa. Asiyekuwepo na lake halipo.