Lumbesa Iliyogeuzwa



Sisi watu wa Singida tunaijua vema lumbesa. Mkulima wa vitunguu hulima, huvuna, kisha mnunuzi humjia na gunia lililovikwa kilemba. Hulipia gunia moja, akaondoka na gunia na nusu. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo imelikemea jambo hili miaka nenda miaka rudi. Leo nazungumzia lumbesa iliyogeuzwa, ambayo anayepunjwa ni mnunuzi. Nayo imo katika simu zetu za mkononi.

Mwaka 2019 nilinunua simu janja ya bei nafuu. Boksi liliandikwa gigabaiti 8. Nilipoiwasha, kabla sijapiga picha hata moja, nafasi iliyobaki haikufika gigabaiti 4. Nyingine zilikwenda wapi?

Nyingi ya simu hizi huendeshwa na mfumo wa Android, ambao kiini chake ni Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Mfumo huo ni kama mwenye nyumba. Hujitengea vyumba vyake kwanza, akavifunga, nawe mpangaji hubakiwa na uani. Programu alizoziweka mwenye kiwanda huwezi kuzing'oa. Tena zinapopata toleo jipya, lile la zamani hubaki ndani ya chumba kilichofungwa, na jipya huja kukaa uani kwako. Kitu kimoja, nafasi mara mbili.

Tatizo hili si la jana. Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa na megabaiti 256 tu za ndani. Jirani zetu wa Kenya walipoletewa simu ya Ideos mwaka 2011, kwa kama shilingi 8,000 za kwao, wengi walimiliki simu janja kwa mara ya kwanza, lakini nafasi yake ya ndani haikufika hata gigabaiti 1. Wakubwa wa kazi hii waliliona. Mwaka 2015 Facebook ilitoa programu nyepesi ya Lite, na mwaka 2017 Google ikatangaza Android Go kwa ajili ya simu dhaifu.

Mtasema, si kuna kadi ya kumbukumbu? Ipo, nayo hufaa sana kwa picha na nyimbo. Lakini programu nyingi hazikubali kuhamia huko. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, baadhi ya simu huweza kuifanya kadi kuwa sehemu ya simu yenyewe. Hapo tahadhari: kadi hiyo hufungwa kwa ufunguo ulio ndani ya simu hiyo. Simu ikifa, usitegemee kuisoma kadi hiyo kwenye simu nyingine.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linaniuma. Mwaka 2021 nilikuwa nimesimama kwenye foleni, nataka kuweka programu ya benki. Simu ikakataa: nafasi haitoshi. Watu wananisukuma nyuma, nami nikaanza kufuta ovyo. Nikafuta folda nzima ya sauti. Miezi kadhaa baadaye shangazi akaniambia, "Mwanangu, hebu tuwekee ile sauti ya mama, watoto wasikie." Ndipo moyo ukanipasuka. Bibi yangu, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa amenisimulia kwa Kinyaturu majina ya ukoo wetu na mahali walikohamia na ng'ombe wao. Hakuna mwingine aliyebaki anayeyajua yote.

Na la kusikitisha zaidi, sauti ile haikuwa mzigo. Dakika moja ya sauti huchukua kama megabaiti 1 tu, ilhali dakika moja ya video yaweza kula 60 na zaidi. Video za vichekesho nilizotumiwa na watu nisiowajua zilikuwa zimelala pale pale. Nilimfukuza bibi, nikawaacha wageni.

Basi, ndugu msikilizaji, usifute ukiwa na haraka. Anza na video za kutumiwa. Kisha ingia kwenye mipangilio, ufute akiba ya muda ya programu. Hiyo hujirudia yenyewe. Usiguse palipoandikwa futa data, kwani hapo waweza kupoteza vilivyo vyako. Na sauti za wazee zinakili leo, kwenye kadi ya kawaida na kwenye simu ya ndugu mwingine.

Unaponunua simu, usisome boksi. Mwombe muuzaji aiwashe, akuonyeshe nafasi iliyobaki. Nao waagizaji, nawauliza: kama mkulima anatakiwa kufuata kipimo cha gunia, kwa nini boksi la simu lisiandikwe gigabaiti anazobakiwa nazo mnunuzi? Haki ya kipimo ni moja, kwa kitunguu na kwa simu.

Kwa leo naishia hapo.