Taifa Likivamiwa, Wengine Wafanye Nini?

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mafundisho wa tawi letu la wafanya kazi wa reli



Tumepewa nusu saa kusema juu ya jambo hili: nchi moja ikiingia katika nchi nyingine kwa bunduki, nchi zilizobaki zifanye nini? Wako ndugu waliouliza, “Hayo ni mambo ya mabalozi. Sisi watu wa reli yanatuhusu nini?” Swali hilo ni la haki na tutalijibu. Lakini kwanza tutazame habari za jirani yetu Uhabeshi, maana huko kila kosa laonekana wazi.

Uhabeshi iliingia katika Chama cha Mataifa mwaka 1923. Chama hicho kiliundwa baada ya Vita Kuu ya kwanza, na makao yake yalikuwa Geneva. Kifungu cha 16 cha mapatano yake kilisema kwamba mwanachama akivunja ahadi na kumpiga mwenzake, atahesabiwa kuwa amewapiga wanachama wote, nao watakata biashara naye mara moja. Kanuni hiyo sisi wa vyama twaijua. Anayemwonea mmoja wetu ametuonea sote. Italia nayo ilikuwa mwanachama, na ilikuwa imetia sahihi.

Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Italia yalivuka mto Mareb kutoka Eritrea, bila hata kutangaza vita. Siku nne baadaye Baraza la Chama cha Mataifa likasema wazi kwamba Italia ndiyo yenye kosa. Mpaka hapo kazi ilikwenda vyema.

Tarehe 18 Novemba adhabu zikaanza. Walikataza kuiuzia Italia silaha. Walikataza kuikopesha fedha. Walikataza kununua bidhaa zake. Walikataza kuiuzia mpira, na farasi, na nyumbu, na ngamia, na punda. Ndugu, sikilizeni vizuri: punda alikatazwa, lakini mafuta ya petroli hayakukatazwa. Makaa ya mawe hayakukatazwa. Mawe ya chuma yatokayo mgodini yalikatazwa, lakini chuma kilichokwisha kuyeyushwa kiliruhusiwa.

Sisi tunaofanya kazi na mitambo hatuhitaji profesa atueleze maana yake. Jeshi la Italia halikwenda Uhabeshi kwa punda. Lilikwenda kwa malori, kwa ndege na kwa meli, na mafuta karibu yote ya Italia yalitoka nchi za nje. Mussolini mwenyewe, miaka michache baadaye, alimwambia Hitler kwamba kama mafuta yangalikatazwa, angalilazimika kuondoka Uhabeshi kwa muda wa juma moja. Habari hiyo iliandikwa na mkalimani aliyekuwapo.

Basi kwa nini hayakukatazwa? Kila mmoja alimtazama mwenzake. Uingereza na Ufaransa ziliogopa kwamba Mussolini atakasirika na kujiunga na Hitler. Wengine walisema Marekani si mwanachama, kwa hiyo tukiacha sisi kuuza, itauza yeye. Na kweli wenye makampuni kule walizidi kuuza, ingawa Rais Roosevelt aliwaomba wasifanye hivyo. Mfereji wa Suez nao haukufungwa. Meli za Italia zilizojaa askari zilipita mlemle, zikalipa ada yao, zikaenda kushusha Massawa.

Kosa la pili lilikuwa kumfunga mikono aliyepigwa. Katika miezi ya kabla ya vita, nchi kubwa zilikataa kuwauzia silaha wote wawili, zikasema hiyo ndiyo haki, hatumpendelei mtu. Lakini Italia ilikuwa na viwanda vyake vya mizinga na ndege, na Uhabeshi haikuwa na kiwanda. Kuwanyima wote wawili kulikuwa ni kumnyima mmoja tu. Tena Uhabeshi haikuwa na pwani. Reli yake ilikuwa moja, ile ya kutoka Djibouti hadi Addis Ababa, iliyojengwa na kampuni ya Wafaransa. Mnamo Januari 1935 serikali ya Ufaransa ilikubali kuipa Italia sehemu ya hisa za reli hiyo! Anayejua kazi yetu ajua kwamba nchi yenye njia moja ya kuingizia mizigo, koo lake liko mkononi mwa mwenye njia.

Kuanzia Desemba 1935 ndege za Italia zilimwaga sumu ya kuchoma ngozi juu ya askari na wanavijiji, ingawa Italia ilikuwa imetia sahihi mapatano ya 1925 ya kukataza sumu hiyo.

Kosa la tatu lilifanyika mwezi huohuo. Waziri wa Uingereza, Hoare, na wa Ufaransa, Laval, walikaa kwa siri wakapanga kumaliza ugomvi kwa kumpa Mussolini sehemu kubwa ya nchi ya Uhabeshi. Huko si kupatanisha. Mwizi akiingia nyumbani kwako, kisha mzee wa mtaa aje akuamuru umwachie vyumba viwili ili kuwe na amani, je, utamshukuru? Magazeti yalitoa siri hiyo, watu wa Uingereza wakakasirika, na Hoare akaacha kazi. Lakini Mussolini alikwisha ona kwamba majaji wake wana woga.

Tarehe 2 Mei 1936 Mfalme Haile Selassie aliondoka Addis Ababa kwa gari la moshi. Tarehe 5 Wataliani wakaingia mjini. Tarehe 30 Juni Mfalme alisimama Geneva mbele ya mataifa akaeleza yaliyowapata watu wake, na waandishi wa magazeti wa Italia wakampigia miluzi. Tarehe 15 Julai adhabu zote zikaondolewa, kana kwamba aliyeshinda kwa sumu amesamehewa kwa sababu ameshinda.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Miaka mitatu baadaye dunia nzima iliwaka moto. Mwaka 1941 ni vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nigeria na Gold Coast, pamoja na wengine wengi, waliotembea jangwani na milimani kuwaondoa Wataliani, na Mfalme akarudi mjini kwake tarehe 5 Mei, miaka mitano kamili. Mafuta ambayo wakubwa waliona uchungu kuyazuia mwaka 1935, babu zetu waliyalipia kwa damu.

Sasa, baada ya kuyaona hayo, twasema mataifa yafanye nini? Tuna mambo matano.

Kwanza, wamtaje mkosaji kwa jina, na mapema. Majeshi ya Iraq yalipoingia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, Baraza la Usalama liliyaamuru yaondoke siku ileile, na tarehe 6 biashara ikakatwa, mafuta yakiwamo. Lakini Idi Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani. Ulitaka kupatanisha, kama kwamba ni watu wawili waliogombana kilabuni. Tanzania ilibaki kujiondolea adui yenyewe.

Pili, wakate kile kinachoendesha jeshi, wala si chakula cha mtoto. Adhabu za Iraq ziliendelea hadi 2003, na wananchi maskini waliteseka miaka mingi huku mtawala akila na kushiba. Adhabu ikimkosa mwenye kosa ikampata jirani yake, hiyo ni dhuluma nyingine.

Tatu, wasimfunge mikono aliyevamiwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kifungu cha 51, wampa haki ya kujilinda. Asiyetaka kumsaidia, basi angalau asimzuilie njia.

Nne, kipimo kiwe kimoja. Marekani na Uingereza zilipoivamia Iraq mwezi wa Machi 2003 bila idhini ya Baraza la Usalama, nani alizikatia biashara? Hakuna. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, Baraza lilishindwa kuamua, kwa kuwa Urusi yenyewe ina kura ya kukataa. Hata hivyo tarehe 2 Machi nchi 141 zilipiga kura kuitaka Urusi iondoke, na Kenya ilikuwa mojawapo. Tunaona kura ile ilikuwa ya haki. Lakini sheria inayowapata wadogo peke yao, na kuwapita wenye nguvu, watu hawataiheshimu.

Tano, gharama igawanywe. Mwaka 2022 bei ya ngano na ya mafuta ilipanda, na mwenye mshahara mdogo aliumia hapa petu ingawa hakuhusika na vita. Nchi maskini ikiambiwa usinunue kwa fulani, na isaidiwe kupata kwingine. Sisi twajua kwamba mgomo usio na mfuko wa chakula huvunjika juma la pili, hata kama wenye kugoma wana haki.

Basi turudi kwa ndugu waliouliza yatuhusu nini. Tazameni tulivyosema vyote: mafuta, chuma, silaha, mfereji, reli. Ni kipi katika hivyo kinachokwenda bila mikono ya mfanya kazi? Mabalozi hupiga kura, lakini mzigo huinuliwa na kuli, na behewa hufungwa na mtu wa yadi.

Mwaka 1938, Japani ilipokuwa ikiipiga China, makuli wa Port Kembla katika Australia walikataa kupakia chuma katika meli iitwayo Dalfram, iliyokuwa ikienda Japani. Walisema chuma hicho kitarudi kuwa mabomu. Serikali yao iliwatisha, na kiwanda cha chuma kikafungwa, hata maelfu wakakosa kazi. Walivumilia kama majuma kumi. Vyama vingine viliwachangia, na Wachina wakaao Sydney waliwapelekea mboga na matunda. Mwishowe walipakia mzigo ule kwa shingo upande. Hawakuvimaliza vita vya China. Lakini kila mtu katika Australia alijua chuma kile chaenda wapi, na hakuna waziri aliyeweza tena kusema kwamba hakujua.

Hatusemi mtu mmoja aache lever yake leo usiku kwa sababu amesoma gazeti. Huyo atafukuzwa kesho, na mzigo utapita. Twasema hivi: kamati ya tawi ipewe azimio hili, ilipeleke makao makuu. Kwamba nchi ikivamiwa, chama chetu kiitake Serikali yetu kumtaja mkosaji bila kuchelewa. Kwamba chama kizungumze na wenzetu wa bandari na wa malori, ili mzigo wa vita wa mvamizi usikataliwe gatini ukapokewa barabarani. Na kwamba mfuko wa msaada uanzwe sasa, wakati wa amani, maana akiba haiwekwi siku ya njaa.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni habari za Msamaria mwema. Yeye hakumpa majeruhi maneno tu. Alimtia mafuta jerahani, akamlipia nyumba ya wageni kwa fedha yake. Mwaka 1935 mataifa yalimpa majeruhi hotuba, na mafuta yakamwuzia mnyang'anyi. Sisi tusiwe katika wanaouza.

Ndugu Mwenyekiti, azimio liko mezani. Twaomba wanachama waliseme, walipinge wakitaka, kisha wapige kura.

Umoja ni nguvu.