Pimeni Ethi Mwezi wa Tisa

Ndugu wahitimu wa fani ya umeme, walimu, nanyi wazazi mliofika mapema kuliko mgeni rasmi: mwangaluka.

Nina jambo moja tu, nalo liko chini ya viatu vyenu. Udongo. Uokote hapa Tabora mwezi wa tatu, unashikana mkononi. Uokote mwezi wa tisa, unapita kati ya vidole kama unga. Umeme haupiti ndani ya chembe za mchanga. Unapita kwenye maji yenye chumvichumvi yaliyotuama katika vitundu kati ya chembe. Maji yakikauka, vitundu vinajaa hewa na njia inakatika.

Radi ina ubabe wake. Inapasua hata ile hewa: cheche inaruka kitundu hadi kitundu, ikitawanyika kama mizizi. Joto lake hufika nyuzi 30,000 hivi, na mchanga mweupe huyeyuka kwenye 1,700 tu. Ndiyo maana penye mchanga mtupu watu wamewahi kufukua vijibomba vya kioo, vimepinda vilevile radi ilivyopita.

Nilipokuwa na umri wenu nilifunga ethi, ile rodi inayoteremsha umeme ardhini, kwenye shule moja ya kijijini. Nilipima wakati wa mvua, mita ikasoma ukinzani wa omu 8 tu, nikasaini, nikala kuku wa mwalimu mkuu. Novemba iliyofuata radi ya wingu la kwanza ikapiga kabla ardhi haijalowa hata inchi moja. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini soketi za ofisini ziliungua zote, na mstari mweusi ukabaki ukutani kutoka swichi hadi sakafuni. Nikapima upya: omu 60. Kipimo changu cha awali kilikuwa sahihi kabisa, ila kwa mwezi ule.

Ili kupunguza omu hizo, mafundi tunatia mkaa na chumvi kwenye shimo la rodi. Chumvi si mgeni hapa. Ya Uvinza ilibebwa na wapagazi kwenye njia ya misafara iliyopita hapa kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Mkaa hushika unyevu, chumvi huufanya upitishe umeme. Lakini mvua huisomba chumvi, na chumvi yenyewe huila rodi polepole. Mteja hajui hilo. Mwambieni kabla hajalipa.

Mita ya ethi iko stoo ya chuo. Mkuu wa karakana amekubali kumwazima mhitimu yeyote atakayerudi nayo hapa mwezi wa tisa, pamoja na daftari lenye vipimo viwili: cha mvua na cha kiangazi.