Leseni ya Kutafuta Makaa ya Mawe Si Leseni ya Kuchimba

Maelezo ya kusomwa barazani kwa wananchi wa Bonde la Mui, Kaunti ya Kitui



Kila mara makaa ya mawe yanapotajwa Mui, swali ni lile lile: mtu ajenge, au angoje? Apande miembe, au shamba litachukuliwa kabla miti haijazaa? Swali hilo lina miaka mingi. Wizara ya Kawi ilianza kutoboa ardhi ya bonde hili mwaka wa 1999. Baadaye bonde likagawanywa katika maeneo manne: A, B, C na D. Eneo C peke yake lilikadiriwa kuwa na takriban tani milioni 400. Desemba 2013, serikali ya kitaifa ilitia saini mkataba na kampuni ya Fenxi ya Uchina kuhusu maeneo C na D. Saini zikawekwa, lakini watu wakaendelea kulima ndengu na mtama juu ya makaa hayo.

Ndiyo maana ni muhimu kila mtu ajue karatasi ipi inaruhusu nini.

Chini ya Sheria ya Madini ya 2016, leseni ya utafutaji hutolewa kwa muda usiozidi miaka mitatu, ingawa inaweza kuongezwa. Mwenye leseni hiyo hupima, hutoboa na kuchukua sampuli. Haimruhusu kuhamisha mtu wala kufungua mgodi. Leseni ya uchimbaji ni nyingine, na inaweza kufika miaka 25. Kabla ya mgodi kuanza lazima pia pawe na tathmini ya athari za mazingira iliyokubaliwa na NEMA.

Leseni za makaa ya mawe hutolewa na serikali ya kitaifa, si kaunti. Madini yaliyo chini ni mali ya umma, lakini shamba lililo juu lina mwenyewe. Kwenye ardhi ya kibinafsi, idhini ya mwenye shamba inahitajika. Kwenye ardhi ya jamii, idhini ni ya jamii.

Fidia nayo si ya udongo pekee. Sheria inataja kunyimwa matumizi ya ardhi, kuharibika kwa nyumba, kupotea kwa mazao, na madhara kwa maji. Hilo la mwisho lina uzito mkubwa hapa. Mito ya Mui hukauka miezi mingi, na maji huchotwa kwa kufukua mchanga. Kisima hicho kikikauka, mwenye shamba hana pengine pa kwenda, hata kama shamba lake halikuguswa.

Mgodi ukifunguliwa, mrabaha hugawanywa hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Kaunti ina fungu lake, kwa hivyo mwananchi ana haki ya kuiuliza kaunti maswali magumu pia.

Kuuliza huko si kupoteza wakati. Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya NEMA ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe Lamu. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Basi mtu afanye nini? Kwanza, ahakikishe stakabadhi za shamba ziko sawa. Kama bado liko kwa jina la babu aliyefariki, urithi uanze kushughulikiwa sasa. Pili, aandike alicho nacho: nyumba, miti, visima, makaburi, na apige picha. Tatu, mgeni akija na mashine, aombwe leseni na isomwe: ni ya kutafuta au ya kuchimba, ya eneo gani, inaisha lini? Nne, mtu asitie saini karatasi asiyoielewa. Apewe nakala na apate nafasi ya kuipeleka kwa mtu wa kuifafanua. Tano, ombi la leseni likitangazwa, pingamizi lina siku zake. Liandikwe mapema, nakala ibaki nyumbani.

Na kuhusu lile swali la kwanza: leseni ya kutafuta haimzuii mtu kupanda mwembe kwenye shamba lake. Apande, kisha auandike kwenye daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.